Ukifika Makambako, Kata Kushoto

Basi la kwenda Mbeya likiingia Makambako, wachuuzi hulizingira kabla halijasimama vizuri. Ndoo za viazi huinuliwa hadi usawa wa dirisha. Zinafuata njegere mbichi kwenye mifuko, karoti zilizofungwa mafungu na majani yake, mahindi ya kuchemsha, mayai, maparachichi. Mazungumzo ni mafupi: bei inatajwa, noti inapita, chenji inarudi huku kondakta akigonga ubavu wa gari. Punde basi limeondoka, na wengi waliomo wataikumbuka Makambako kama mahali walipomenya yai.

Hata hivyo ni wachache wanaofika nyanda hizi za juu bila kupita mkononi mwa mji huu. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia hukutana hapa na reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ukitaka kujua Makambako iko juu kiasi gani, njoo kwa treni. Kutoka Mlimba, kwenye bonde la joto la Kilombero, reli hupanda zaidi ya mita 1,000 kwa kupita mahandaki na madaraja yaliyosongamana. Daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo za zege zenye urefu wa karibu mita 50, na abiria wazoefu huwaita watoto dirishani wakilikaribia. Ukitoka Mlimba na fulana, Makambako utashuka unatafuta sweta.

Kwenye njia panda ya mji, barabara nyingine inaanzia hapo, kuelekea kusini. Ndiyo ya Njombe na Songea. Hapa malori yaliyosheheni mbao, viazi na mahindi huungana na malori ya shaba yanayotoka Zambia. Madereva hula, mafundi hulala chini ya magari, mawakala wa mazao hupiga simu wakitaja bei za Dar es Salaam. Mji hauna makuu ya kutazama, wala haujidai kuwa nayo. Kazi yake ni kupokea cha mlimani na kukifikisha bondeni, na kwa kazi hiyo hauna mpinzani. Mtalii wa kawaida, hata Mtanzania mwenyewe, huendelea moja kwa moja hadi Mbeya. Mimi nashauri ukate kushoto.

Kutoka Makambako hadi Njombe ni kama kilomita 60 za lami inayopanda taratibu. Upepo hubadilika kabla ya mandhari. Kisha vilima vinaanza kufuatana, vya mviringo na vya majani mafupi, na kila kimoja kimevaa viraka vya rangi tofauti: kijani kizito cha misindano, kijani cha kung'aa cha chai, udongo mwekundu uliotoka kulimwa, matuta ya viazi yaliyochora mistari hadi ukingoni mwa bonde. Chini kabisa, penye unyevu, kuna vibustani vidogo vya pembenne ambavyo wenyeji huviita vinyungu.

Wengi wanaoisifu Njombe husema Mungu ameipendelea. Kwa upande wa mvua na udongo sina ubishi. Lakini ukitazama kwa makini utaona kwamba karibu kila rangi iliyo kilimani imepandwa, na aliyeipanda anajulikana kijijini kwa jina. Uzuri wa Njombe umelimwa. Umelimwa na watu wanaojua kungoja, na kila zao lina kipimo chake cha kungoja: lipo la nusu siku, lipo la wiki mbili, lipo la msimu, lipo la miaka ishirini. Kaya moja huweza kuyashika yote kwa pamoja. Ukilielewa hilo, vilima vinasomeka.

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi Juni na Julai watu hutembea na makoti mazito mchana kweupe, na wauza mitumba wa huku hawahangaiki na vikaptula. Wanauza majaketi na mablanketi. Asubuhi ukungu hushuka barabarani, magari huwasha taa, na kwenye migahawa ya karibu na stendi chai ya maziwa huja na sahani ya viazi vilivyochemshwa na maganda yake. Ni kifungua kinywa cha heshima. Ukiwahi kukila penye baridi ile, mkate utauona wa mjini sana. Salamu ni Kamwene, na jibu lake ni Kamwene hiyohiyo. Kwa mzee, kijana huongeza shikamoo, na mama wa kijijini hupiga goti kidogo hata kama ana mzigo kichwani.

Mkoa wenyewe ni mchanga. Ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na sensa ya 2022 ilihesabu humo watu karibu 890,000. Wabena ndio wengi kuzunguka mji wa Njombe na Makambako. Makete ni kwa Wakinga, watu waliosifika kwa biashara hadi Kariakoo. Ludewa ni kwa Wapangwa na, ukiteremka hadi Ziwa Nyasa, Wamanda na Wakisi, ambao vyungu vyao vinajulikana pande zote za ziwa. Ndani ya mkoa mmoja unashuka kutoka vilele vya zaidi ya mita 2,900 hadi ufukwe ulio chini ya mita 500. Anayeanza asubuhi na glavu anaweza kumaliza jioni anaogelea.

Pembeni mwa mji, mahali panapofikika kwa miguu, mto Ruhudji huanguka kwenye maporomoko yanayoitwa Luhuji. Vijana huja kupiga picha za harusi na mahafali. Wachache hukumbuka maji yale yanakokwenda: Ruhudji huingia Kilombero, Kilombero huunda Rufiji, na Rufiji hupita Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Taa ya sebuleni kwako Dar es Salaam ina sehemu yake katika mvua ya Njombe. Maji mengine ya mkoa hugeukia magharibi, yakafuata mto Ruhuhu hadi Nyasa.

Sasa tuwaone wanaongoja.

Anayengoja muda mfupi kuliko wote ni mgema wa ulanzi. Mvua zikikolea, kuanzia Januari hivi, mianzi iliyopandwa kandokando ya mashamba na mabondeni hutoa machipukizi. Mgema huja na kisu chenye makali ya wembe. Hukata ncha ya chipukizi, kisha hutundika mbeta, ambayo ni pingili ya mwanzi mkavu iliyotengenezwa kuwa chombo, utomvu udondokee humo usiku kucha. Alfajiri humimina kilichopatikana kwenye dumu, hukata tena kipande chembamba kabisa ili kidonda kiwe kibichi, hutundika tena mbeta. Jioni anarudia. Mkono wake hauna haraka, kwa sababu akikata nene amelipunguza chipukizi la kesho, na akizembea zamu, kidonda hukauka na utomvu hukoma.

Kinachotoka asubuhi ni kitamu na kina povu jepesi. Huitwa mtogwa, na hata asiyekunywa pombe hukubali kikombe. Kikilala, kinachachuka chenyewe na kuwa mkangafu, kinywaji cha watu wazima wenye muda. Hakuna hamira iliyotiwa, hakuna moto uliowashwa, hakuna sukari. Wanywaji wa kwetu ni mabingwa wa kuhukumu: hujua mianzi ya bonde gani imetoa ulanzi gani, na kama mgema alitia maji. Mvua zikiisha mwezi Mei na ulanzi nao unaaga. Ukija Agosti ukauliza ulanzi mbichi, utaambiwa kwa upole urudi mwakani.

Ng'ombe wa maziwa naye anataka mtu asubuhi na jioni. Baridi ya Njombe inawafaa ng'ombe wa asili ya Ulaya ambao Pwani wangeteseka, na ndiyo maana kaya nyingi zina mmoja au wawili bandani, na fungu la majani ya matembo mlangoni. Hapa ndipo Italia inapoingia kwenye hadithi. Wamisionari wa Consolata, shirika lililozaliwa Torino, walifika Iringa mwaka 1919, na mojawapo ya kazi zao kubwa ni hospitali ya Ikonda huko Makete, ambako wagonjwa hufika kutoka mikoa ya mbali. Baadaye likaja shirika la CEFA la Bologna. Huko Matembwe, kwenye njia ya Lupembe, lilisaidia kujenga mtambo mdogo wa umeme wa maji, na kampuni ya kijiji ikaongeza kazi ya kutotolesha vifaranga. Njombe mjini lilishirikiana na wafugaji kuanzisha kiwanda cha maziwa. Kwa hiyo mji huu wa viazi na baridi hutengeneza jibini za mtindo wa Kiitaliano, na kuna wageni wanaokuja kutafuta jibini kabla hawajauliza maporomoko. Kwa wafugaji maana yake ni nyepesi zaidi: maziwa ya asubuhi yana mnunuzi.

Chai hungoja wiki moja hadi mbili. Mashamba yake yako Kibena, kwenye kiunga cha mji, yako Luponde, ambako chai ya kilimo hai na mimea ya harufu imewapatia jina nje ya nchi, na yako Lupembe, upande wa mashariki ambako vilima vinashuka kuelekea misitu yenye unyevu. Lupembe ni njia ya kwenda polepole. Chai imefunika miteremko hadi mlangoni mwa nyumba, na vijia vya wachumaji vimekatwa katikati yake kwa unyoofu. Mchumaji huchagua majani mawili na kichipukizi chake, akavirusha nyuma begani kikapuni bila kutazama. Vidole vyake vinafanya kazi huku mdomo unapiga soga na jirani wa mstari wa pili. Jani likishachumwa, saa zinaanza kuhesabika: lazima lifike kiwandani siku hiyohiyo kabla halijaharibika. Ndiyo sababu katika ukanda wa chai habari kubwa daima ni barabara. Mvua inayochipusha majani ndiyo hiyohiyo inayokwamisha gari la kuyabeba.

Viazi ni vya msimu. Miezi mitatu na kitu, minne ikizidi, na mkulima ameshika fedha. Uwemba na vijiji vya jirani ndiko kwao. Hapo Wabenedikto wana misheni yao, na shule na hospitali zimeota karibu yake. Wakulima hutaja mbegu kama watu wa mjini wanavyotaja aina za simu: Asante, Sherekea, Sagitta, Arka, Kikondo, hii inazaa sana, ile inastahimili ukungu, nyingine inapendwa na wakaanga chipsi kwa sababu hainywi mafuta. Sahani nyingi za chipsi mayai zinazoliwa Dar es Salaam usiku zilianza safari kwenye tuta la Njombe.

Safari hiyo ina dhuluma yake, na mwenyeji hataki uondoke bila kuijua. Inaitwa lumbesa. Gunia la viazi hujazwa hadi mdomoni, kisha juu yake hushonwa kilemba cha wavu kinachobeba viazi vingine vingi, na bei inabaki ya gunia moja. Serikali imeipiga marufuku na kuweka ukomo wa kilo 100 kwa gunia, matangazo yamebandikwa, mizani imepelekwa baadhi ya vituo. Hata hivyo mkulima aliye na viazi vilivyokwisha chimbwa na wingu jeusi juu ya kichwa hana nguvu ya kubishana na mwenye lori. Kwa hiyo, mgeni, ukinunua viazi Njombe, nunua kwa kilo. Ni jambo dogo linalofundisha soko adabu.

Mvua zikikatika na matuta ya kilimani yakibaki matupu, watu huteremka vinyunguni. Kule bondeni udongo hushika unyevu kiangazi chote. Mitaro midogo huchimbwa kutoa maji yaliyozidi, na kwenye vijiukuta vya udongo hupandwa mahindi, maharage, njegere na mboga. Mahindi mabichi ya Novemba na Desemba, wakati ghala zimeanza kuita mwangwi, hutoka huko. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, nayo ina sababu nzuri. Lakini kinyungu kimelisha mabibi na mababu, na mazungumzo kati ya sheria na tumbo bado yanaendelea bondeni.

Kuna kipindi ambacho kilichotoka kwenye vilima hivi kwa wingi kilikuwa watu. Septemba 1905 Vita vya Maji Maji vilifika Ubena, na misheni ya Kilutheri ya Yakobi, isiyo mbali na mji wa leo, ilishambuliwa. Kisasi cha Wajerumani kilikuwa cha kuteketeza chakula, na njaa ikamaliza walioponea risasi. Waingereza walipoingia, kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha taslimu mahali ambapo hapakuwa na zao la fedha wala barabara ya kulifikisha sokoni. Mwanamume wa Njombe aliuza alichokuwa nacho, yaani mikono yake. Wilaya ya Njombe ikawa miongoni mwa visima vikubwa vya vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanga. Waliitwa manamba kwa sababu waliandikishwa kwa namba, wakapelekwa kwa mikataba, na wengine walikwenda mbali zaidi hadi migodi ya Afrika Kusini. Waliobaki nyumbani, wanawake kwa sehemu kubwa, ndio walioendelea kulima matuta haya. Leo ukiona vilima vimejaa kazi, ukumbuke kwamba kuna vizazi vilivyokatazwa na uchumi kuzilima vizuri ardhi zao wenyewe.

Parachichi ndilo zao lililowafanya vijana wa leo wageuze macho. Mti wa parachichi si mgeni Njombe. Bibi alikuwa nao uani, matunda yakadondoka, nguruwe wakala. Kilichobadili hesabu ni aina ya Hass, ambayo Rudolph Hass wa California aliipatia hataza mwaka 1935. Ngozi yake nene hugeuka nyeusi likiiva, na linavumilia safari ndefu ya meli. Mche hubebeshwa: kikonyo cha Hass hupandikizwa kwenye shina la parachichi la kienyeji lililozoea udongo wa hapa. Hupandwa kwa nafasi ya kama mita saba kwa saba, na mwenye shamba hungoja hadi mwaka wa tatu kuona matunda ya kwanza. Katikati ya mistari hupanda maharage ili kungoja kusiwe na njaa.

Uchumaji wake una adabu. Tunda halichumwi kwa kuvutwa. Hukatwa kwa mkasi likabaki na kikonyo kifupi, maana likijeruhiwa hapo huoza njiani. Lililoanguka chini halipelekwi kwenye kreti. Lisilofikia uzito hubaki kwa soko la ndani, na wanafunzi wa Njombe hulipaka kwenye mkate bila kujua kwamba Ulaya wanalipia picha ya chakula hicho. Novemba 2022 Tanzania na China zilitiliana saini makubaliano ya kufungua soko la parachichi, na India nayo imo kwenye orodha ya wanunuzi. Kwa miaka mingi parachichi za Njombe zilisafirishwa kupitia Mombasa, na juhudi za kuzipitisha bandari ya Dar es Salaam zimeongezeka. Tatizo linalozungumzwa vijijini ni madalali wanaowashawishi watu kuchuma machanga mapema. Tunda changa halilainiki. Linasinyaa, na sifa ya wilaya nzima inasinyaa nalo.

Wa mwisho ni wapanda miti, watu wa subira ndefu kupita wote. Mwaka 1949 kampuni ya Tanganyika Wattle, ambayo kila mtu huiita TANWAT, ilianza kupanda miwati kuzunguka Kibena. Magome ya miwati yana dawa ya kusindikia ngozi, na kwa miongo mingi viatu vya nchi za mbali vilipata ukakamavu wake kutoka kwenye mti huu. Kiwanda kikaongezewa mtambo wa umeme wa megawati 2.5 unaochoma kuni, ulioanza mwaka 1995, na Njombe ikapata mwanga kutokana na mabaki ya msitu. Wanakijiji waliichukua mbegu wakaipanda mipakani. Mkaa wa miwati ndio unaopasha moto nyumba nyingi usiku wa Julai.

Kisha ikaja misindano na milingoti. Msindano ni wa mbao, mlingoti ni wa nguzo za umeme na majengo. Programu ya Panda Miti Kibiashara, iliyoungwa mkono na Finland kuanzia mwaka 2014 na kuweka makao yake Njombe, iliwapa wakulima mbegu bora na vyama vya wapanda miti. Kijijini utasikia mashine za dingdong zikipasua magogo palepale shambani, na harufu ya utomvu wa msindano ikitembea na upepo. Wataalamu wanataka msindano uachwe miaka 15 hadi 20 ili mbao ziwe imara. Wengi huvuna mapema zaidi, kwa sababu ada ya shule haingoji wataalamu. Adui mkubwa ni moto wa Septemba na Oktoba. Ndiyo maana vijiji husafisha barabara za kukinga moto, na mtu akichoma majani bila ruhusa hulipa faini mbele ya majirani. Ipo pia hoja ya maji, kwa kuwa milingoti iliyopandwa karibu na chemchemi huinywa, na wazee wengine wanaonyesha mabonde yaliyokuwa na vinyungu na sasa yamekauka. Hoja hiyo ina uzito, na kijiji kinachotunza vyanzo vyake kwa kupanda miti ya asili kinastahili sifa kuliko kinachohesabu nguzo tu.

Siku hizi mtumishi wa Dar es Salaam hununua ekari kadhaa Njombe, akapanda misindano au Hass kwa simu, akimtumia fedha mwangalizi kila mwezi. Babu wa Njombe alipanda gari kwenda kulima shamba la watu Tanga. Mjukuu anafuatwa na fedha za mjini papo hapo kwao. Ni mgeuko wa kufurahia, ila una sharti. Ardhi ikiuzwa yote kwa walioko mbali, wenye vilima watarudi kuwa vibarua, safari hii bila hata kuhama. Viongozi wa vijiji wanaokodisha badala ya kuuza wameliona hilo.

Ukiwa na nafasi, usiishie Njombe mjini. Barabara ya Makete sasa ina lami, nayo hupanda kwenye milima ya Kipengere hadi Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, uwanda wa maua ambao wenyeji walikwisha kuuita Bustani ya Mungu. Maua hufunguka kati ya Desemba na Aprili, okidi za aina zaidi ya 40 zikiwemo, na ndio msimu uleule wa ulanzi mbichi na wa matope. Anayependa barabara kavu, anga safi na baridi ya kusimulia aje Juni hadi Agosti. Sakitu ya alfajiri huko Makete huweza kuyafanya majani kuwa meupe. Beba koti, vaa viatu vya kutembea, na ukiwa kijijini anza kwa mwenyekiti kabla ya kutoa kamera.

Zaidi ya hapo, uliza maswali. Njombe haina vibao vingi vya maelezo, na haivihitaji, kwa maana kila mteremko una msimulizi wake anayepalilia palepale. Muulize mwenye msitu miti yake ina umri gani. Mara nyingi hatataja miaka. Atakuambia mwanawe alikuwa darasa la pili walipopanda, na sasa yuko kidato cha nne, na akimaliza chuo ndipo shoka litaingia. Hapo umeshajua bei ya msitu, mpango wa familia na sababu ya kilima kuwa kijani, yote kwa jibu moja, na umejua pia kwa nini mwenyeji yule hana haraka ya kukuaga.